Mtoto wa Rita ni wa Nani?

Ndoa ya Rita Hayworth, nyota wa Hollywood, na Aly Khan, mwana wa Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, husimuliwa kama kisa cha uzuri na mali vilivyoponzwa na mume mpenda farasi, kamari na wanawake. Mume alikuwa hivyo kweli. Hata hivyo, ugomvi uliodumu kuliko ndoa yenyewe ulikuwa wa mtoto, na kwa hilo watu wa pwani yetu wana macho ya kuona kuliko waandishi wa magazeti ya Marekani.

Wadigo, kutoka Moa hadi Kwale, zamani walihesabu ukoo kwa mama. Mali ya marehemu ilikwenda kwa watoto wa dada yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mpwa. Uislamu ulipokolea, baba naye akataka wanawe wamrithi, na kesi za mirathi zikafika mbele ya makadhi na mahakama za Mwingereza. Kuzaa ni jambo moja. Kujua mtoto ni wa upande gani ni jambo lingine, na swali hilo ndilo lililowakuta Rita na Aly.

Rita na Aly walioana Vallauris, Ufaransa, Mei 27, 1949, mbele ya meya. Binti yao, Yasmin, akazaliwa Desemba mwaka huohuo. Mwanzoni mwa 1951, wakiwa ziarani Afrika Mashariki, ambako Waismailia walimlaki Aly kwa heshima zote, Rita alimwacha mumewe huku, akarudi Ulaya, kisha akamchukua Yasmin na kwenda naye Marekani. Talaka ilitoka mwaka 1953. Hapo ndipo Aly alipoahidi dola milioni moja, iwapo Yasmin angelelewa Kiislamu kuanzia miaka saba na kwenda kwa baba miezi miwili mitatu kila mwaka. Rita alikataa.

Miaka saba haikuokotwa njiani. Kwa Mashia wengi, hapo ndipo malezi ya binti hutoka kwa mama. Kwa Washafii, walio wengi pwani hii, mtoto akifika umri wa kupambanua huulizwa anamtaka nani. Basi wanaosema Aly alitaka tu kumnunua mtoto wanakiona kitita na kuusahau umri. Wengine watauliza: binti asiyeweza kuurithi uimamu alikuwa na umuhimu gani kwa ukoo huo? Lakini Aly mwenyewe hakuurithi. Baba yake alimruka, akamteua Karim, mwana wa Aly kwa mke wa kwanza, ambaye Oktoba 1957 alitawazwa Dar es Salaam. Cheo kilikuwa na njia yake; dini ya mtoto ilikuwa deni la baba, awe wa kiume au wa kike.

Nami simlaumu Rita. Aliyeachiwa ulezi na mume wa safari zisizokwisha ana haki ya kuogopa kwamba miezi miwili itageuka mwaka. Aly alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1960, Yasmin akiwa na miaka kumi. Rita alipopoteza kumbukumbu kwa ugonjwa wa Alzheimer, ni Yasmin aliyekuwa mlezi wake kisheria kuanzia 1981, akamtunza jijini New York mpaka mama alipofariki, Mei 14, 1987.