Sharika, Amana na Kahawa ya Kilimanjaro

Ndugu msomaji, mtu akikupasha khabari kwamba yeye na jamaa zake wanne wameungana kufungua kampuni, usianze kumuuliza mtaji. Muulize: mmeungana kwa ajili gani? Kisha muulize: daftari analishika nani? La kwanza wengi watalijibu kwa neno moja, faida. La pili watacheka na kusema, "Sisi ni ndugu, hatuandikiani." Ni nyumba ngapi huku kwetu pwani ambazo ndugu hawaamkiani leo kwa sababu ya duka moja lililofunguliwa kwa dua na kufungwa kwa matusi?

Tutazame wenzetu wa Moshi. Mawingu yakifunguka asubuhi, aliyeko mtaa wa Soweto katika mji huo huuona mlima umesimama juu ya mapaa, na chini ya theluji yake miteremko ya migomba na mibuni. Sisi tunaokunywa kahawa chungu barazani mara chache huuliza imetoka shamba la nani. Basi katika mashamba yale madogo kulizaliwa mojawapo ya sharika za mwanzo za wakulima Waafrika katika Tanganyika.

Mibuni ililetwa na mapadri mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 Wachagga wakaipanda kwa wingi, na walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walidai kwamba mashamba ya wenyeji yataeneza maradhi ya mibuni, na kwamba kahawa yao itaibwa. Katika Kenya jirani, siku zile Mwafrika alizuiwa kabisa kupanda kahawa ya arabika. Kwa hiyo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama, Kilimanjaro Native Planters' Association, kwa ufupi KNPA, na rais wake akawa Joseph Merinyo.

Nia ya chama hicho haikuhitaji mfasiri. Kuilinda haki ya kupanda, kununua kwa pamoja mabomba na dawa za kuua wadudu, na kuuza kwa pamoja ili mnunuzi asiwapunje mmoja mmoja. Mzee mwenye mibuni michache nyuma ya nyumba aliweza kukueleza kwa nini yeye ni mwanachama. Mimi naona nguvu yote ya KNPA ilikuwa hapo, si katika fedha, maana fedha ilikuwa haba.

Na fedha ndiyo iliyowaangusha. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani baada ya 1929, madeni yakakaba, hesabu zikaingia mashaka, na lawama zikamfika Merinyo mwenyewe. Serikali ya kikoloni nayo haikusikitika, kwani chama kilikuwa kimekwisha anza kusema mambo ya ardhi na utawala. Ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikachukua mahali pa KNPA. Meneja wake alikuwa Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Utaratibu wa KNCU ulikuwa mzuri. Kila kijiji na chama chake cha msingi. Mkulima huleta kahawa yake, hupimwa mbele ya macho yake, huandikwa, hupewa malipo ya kwanza, na kahawa ikisha uzwa hupewa yaliyobaki. Wakulima wale wengi wao hawakuwa Waislamu. Lakini sisi ndio tuliopewa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu kuandikiana madeni; na tukapewa sura nzima iliyoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Ajabu ni kwamba bado kati yetu mtu akitoa kalamu huambiwa hana imani na nduguye.

Hata hivyo daftari peke yake halikutosha. Ilikuja amri kwamba kahawa yote ya wenyeji ipite KNCU, mkulima apende asipende. Bei ilipokuwa duni, watu wakaona wanalazimishwa katika jambo ambalo hesabu yake hawaielewi, na mwaka 1937 wakayavamia majengo ya vyama vyao. Mtu havunji mlango wa nyumba anayoiona kuwa ni yake. Nia iliyokuwa vinywani mwa wakulima mwaka 1925 ilikuwa imehamia ofisini.

Sharika ya watu wawili nayo yaweza kuwa na kanuni madhubuti kuliko chama kikubwa. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo za hariri mjini Kufa. Imesimuliwa kwamba alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman, bidhaa ambayo ndani yake mlikuwa na nguo yenye kasoro, akamwagiza ambainishie mnunuzi. Hafs akauza, akasahau, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Imam akaitoa sadaka thamani ya bidhaa yote, wala si ya nguo ile moja tu. Hakukaa kutunga kanuni siku ya kosa; ilikuwapo tangu awali, na mshirika wake aliijua.

Tukirudi Moshi, mwaka 1963 kilifunguliwa huko Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Lakini mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU ikafutwa pamoja navyo, mpaka sheria ya 1982 ilipofungua njia ikarudi mwaka 1984. Miaka iliyofuata, vyama kadhaa vya msingi, kundi lililojulikana kwa jina la G32, vilijitenga na KNCU ili viuze kahawa yao vyenyewe, na wakulima wake waione hesabu tangu mizani ya kijijini hata mnadani.