Tarishi wa Angani

Tarishi, jina ambalo watu wa mwambao walimwitia mpeleka barua na habari, na ambalo baadaye likahamia maofisini, laonekana kwangu kuwa ndilo lifaalo kuziitia setilaiti zile ambazo NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, ilianza kuzipeleka mwaka 1983 umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya dunia, ili zipokee habari za vyombo vinavyozunguka chini yake na kuzifikisha ardhini, bila ya kila chombo kungoja hadi kipite juu ya kituo.

Matarishi hao wa serikali sasa wamezeeka. Ndiyo maana mwaka 2022 NASA iliteua kampuni sita, zikiwamo SES, SpaceX na Viasat, zidhihirishe kwa majaribio kwamba huduma zao za kibiashara zaweza kushika nafasi hiyo, na tangu Novemba 2024 setilaiti zake hazipokei tena wateja wapya.

Wako wasemao jina lifaalo ni “kiungo”. Lakini kiungo huunganisha tu, hali tarishi hukabidhiwa amana na hudaiwa kuifikisha, na amana hiyo, ambayo ndani yake zimo sauti za wanaanga, naiona ni sharti kubwa kuliko ujira wowote utakaoandikwa katika mikataba.