Mistari ya Paizana

Mpango mpya wa kilimo unapoletwa katika vijiji vyetu, mara nyingi wazee hunyamaza. Wageni husema ni uvivu. Sisi twaona ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo yafaa ijulikane na kila padri na katekista anayekaa kati ya wakulima.

Kwa amri ya mwaka 1917 Serikali ya Wabelgiji ilianza kuwalazimisha watu wa Kongo kulima pamba. Mwaka 1921 nchi ya pamba ikagawanywa, na katika kila sehemu kampuni moja tu ikapewa ruhusa ya kununua. Mwaka 1933 kazi ya lazima iliwekwa kuwa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikafika 120. Aliyekataa alipata faini au kifungo, na mara nyingi fimbo. Mashamba yalisukumwa kandokando ya barabara, kusudi wasimamizi wayaone kwa urahisi. Udongo ukachoka, na vijana wakakimbilia mijini.

Wakubwa wenyewe waliona hatari hiyo. Ndiyo sababu Mpango wa Miaka Kumi, 1949 mpaka 1959, uliotolewa wakati Pierre Wigny alipokuwa waziri wa makoloni, ulitia nguvu katika kile kilichoitwa kwa Kifaransa paysannat. Nasi twaandika paizana. Maana yake, jamaa za wakulima hukusanywa, nchi hupimwa, na kila jamaa huonyeshwa kipande chake na zamu ya mazao yake.

Tuseme haki: elimu iliyokuwamo haikuwa mchezo. Ilitoka Yangambi, kwenye makao ya INEAC, chuo cha uchunguzi wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Huko, kati ya Waturumbu, msitu ulikatwa kwa vichochoro virefu vya upana wa meta 100, kutoka mashariki kwenda magharibi, jua lipate kuingia. Kati ya kichochoro na kichochoro msitu uliachwa umesimama, ili mbegu zake zirudi kufunika shamba lililopumzishwa. Mpunga, mahindi, pamba, muhogo na ndizi vilifuatana. Kisha nchi ililala miaka kumi na zaidi. Na asili ya hekima hiyo ni nini? Ni desturi ya babu zetu ya kuhama shamba na kuuachia msitu nafasi. Wataalamu waliipima na kuinyosha kwa kamba.

Lakini katika kuinyosha, kitu kilipotea. Mkulima wa zamani alichagua: hapa udongo mweusi, pale mchanga, kule bonde. Kamba haikuchagua. Ilipita juu ya kinamasi na changarawe, ilipita pia juu ya mipaka ya koo. Aliyeangukiwa na kipande kibaya alikilima hivyohivyo, maana monitere alikuwa na kitabu chake. Pamba ilibaki katika zamu hata kama bei yake haikupendeza, na bei hiyo haikupangwa na mkulima.

Tena kulikuwa na neno la ardhi. Tangu amri ya tarehe 1 Julai 1885, nchi zilizoitwa tupu zilihesabiwa kuwa mali ya Serikali, ingawa tunajua kwamba msitu uliolala si msitu usio na mwenyewe. Jamaa nyingi za paizana zililima kipande chao bila hati ya kukimiliki. Kufika mwisho wa Mpango, jamaa karibu 200,000 zilikuwa zimeingizwa. Hesabu kubwa! Lakini baada ya Uhuru wa 1960 waagronomo walipoondoka, mahali pengi watu waliiacha mistari, wakarudi kulima walipotaka wenyewe. Ni kweli kwamba fujo za miaka ile na kuharibika kwa barabara vilichangia. Hata hivyo mtu haachi upesi kilicho chake.

Swali la ardhi halikuzikwa na ukoloni. Sheria ya 1973 ilitamka kwamba udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Mwaka 2014, huko Bukanga Lonzo, katika jimbo la zamani la Bandundu, Serikali ilifungua shamba kubwa la kisasa lililotengewa hekta 80,000, pamoja na kampuni ya Afrika Kusini. Zilitolewa zaidi ya dola milioni 200. Mwaka 2017 kazi ilisimama, mashine zikaachwa, na wanakijiji wa pale wakaendelea kulima muhogo kwa jembe.