Chuma na Alumini katika Nchi ya Pamba

Historia ya pamba katika Usukuma imeandikwa zaidi kwa upande wa wakulima na vyama vyao. Twajua kwamba vyama vya Jimbo la Ziwa viliungana mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani; twajua pia kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Lakini pamba haisafiri kwa maazimio ya mikutano. Bariadi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa na tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, haikupitiwa na reli. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilipita Malampaka, kusini-magharibi ya Bariadi. Aliyekuwa mbali na reli alitegemea injini, na injini ilimtegemea fundi.

Miongoni mwa magari yaliyoenea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili ni Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza siku zile, kwa hiyo bodi ilifanywa kwa alumini. Injini nayo ilichanganya madini mawili: bloku ilikuwa ya chuma cha kusubu, na silinda hedi ilikuwa ya alumini. Ndilo gari la mabwana shamba na maofisa, lililopita njia ambazo mvua ilizigeuza kuwa matope meusi.

Alumini ina sifa kubwa. Ni nyepesi, tena hupitisha joto mara tatu hivi kuliko chuma cha kusubu, basi hedi yake hupoa upesi, na mchanganyiko wa petroli na hewa waweza kugandamizwa zaidi bila kulipuka kabla ya wakati wake. Lakini ipatapo moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tena madini hayo mawili yakikutana ndani ya maji yenye chumvi, alumini ndiyo iliwayo. Dereva aliyejaza rejeta kwa maji ya lambo alikuwa akiitafuna hedi yake polepole. Na injini ikichemsha, hedi hupinda, gasketi huungua, na gari hulala njiani wakati wa msimu wa ununuzi.

Kwa sababu hiyo kufunga hedi ya alumini ni kazi ya utaratibu. Fundi haifungui injini ingali moto. Husafisha uso wa bloku mpaka usibaki mabaki ya gasketi ya zamani. Huweka rula iliyonyooka juu ya hedi atazame kama mwanga wapenya chini yake. Huweka gasketi mpya. Kisha hukaza nati kuanzia katikati na kwenda nje kwa zamu, kidogo kidogo, kwa awamu mbili au tatu, mpaka kipimo kilichowekwa. Akikaza moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine, amekwisha kuipinda. Mwisho hurekebisha nafasi za vali, huiwasha injini ipate moto, huiacha ipoe, na kukagua ukazaji tena kama kitabu cha injini hiyo kinavyoagiza.

Mwaka 1958 Land Rover ilipata injini mpya ya petroli ya sentimita za ujazo 2286, na hedi yake ilikuwa ya chuma. Wako wanaoona huko kuwa ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo. Chuma ni kizito, lakini humvumilia zaidi mtu asiye na maji safi wala spana ya kipimo. Leo zapatikana hedi za alumini kwa injini hizo kongwe, na mwenye gari hufurahia wepesi wake. Ila asiyebadili pia maji ya rejeta na desturi ya kukaza, amenunua hasara kwa bei ya maendeleo.

Hapo pana funzo kwa mwanahistoria. Tumezoea kuhesabu mashine zilizoletwa, tukidhani kuwasili kwake ndiko maendeleo. Lakini mashine ile ile hudumu miaka mingi mahali pamoja na kufa mwaka wa kwanza mahali pengine, na tofauti ni mkono wa fundi, ambaye jina lake halimo katika kumbukumbu za chama wala za serikali. Atakayeandika historia kamili ya pamba ya Simiyu hana budi kuingia gereji, akaulize nati zilikazwa na nani, na alijifunza kwa nani.