Mtunza Stoo Ndani ya Simu

Mwaka 2010, simu ya Android ikichomekwa kwenye kompyuta ili ipakiwe nyimbo, kompyuta iliiona kadi yake ya kumbukumbu kama flashi. Papo hapo simu yenyewe iliacha kuiona kadi hiyo. Picha zilitoweka, nyimbo zikanyamaza, na programu zilizohamishiwa kwenye kadi zikagoma kufunguka. Waya ukichomolewa, vyote vilirejea.

Haikuwa hitilafu. Simu ilikuwa imekabidhi funguo za stoo.

Waya wenyewe ni wa USB, uliotangazwa mwaka 1996 na kampuni saba, Intel na Microsoft zikiwemo. Kabla yake printa ilikuwa na tundu lake, na kibodi nayo ilikuwa na lake. Mhandisi Ajay Bhatt wa Intel na wenzake walitaka tundu moja litoshe kwa vyote. Kasi ya mwanzo ilikuwa megabiti 12 kwa sekunde, na mwaka 2000 ikafika 480. Filamu ya megabaiti 700 iliyohitaji karibu dakika nane, kwa hesabu ya karatasi, sasa ilihitaji sekunde 12.

Ila kasi haikuondoa tatizo la funguo. Katika utaratibu wa flashi, kompyuta hushika kumbukumbu yote na kuandika moja kwa moja ndani yake. Simu nayo ikiandika humo wakati huohuo, orodha ya mafaili huvurugika. Manahodha wawili, chombo huenda mrama. Kwa hiyo mmoja alipaswa kushuka, na aliyeshuka ni simu. Hasara nyingine ilikuwa kugawa kumbukumbu mafungu mawili, la programu na la mafaili. Mtu aliweza kuambiwa hakuna nafasi ya programu mpya, na huku gigabaiti kadhaa ziko wazi upande wa pili.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2011, kwa Android 3.0 ya tableti na kisha simu ya Galaxy Nexus. Google iligeukia MTP, utaratibu ambao Microsoft iliutengeneza kwa ajili ya vicheza muziki, ikijenga juu ya ule wa kamera za kidijitali. Hapa kompyuta haiingii stoo. Inaomba faili, na simu inalileta, kama mtunza stoo dirishani. Simu inaendelea na kazi zake, na yale mafungu mawili yakaweza kuunganishwa.

Gharama ilikuwepo. Folda yenye picha maelfu ilichukua muda mrefu kujitokeza, na faili halikuweza kuhaririwa likiwa ndani ya simu; lilinakiliwa kwanza. Kompyuta za Mac hazikuielewa lugha hiyo, ikabidi Google iwatengenezee wenye nazo programu ya pekee. Hata hivyo uamuzi ulikuwa sahihi: simu ilikuwa imekwisha kuwa kompyuta kamili, na haikufaa tena kutendewa kama flashi.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, mtunza stoo amezidi kuwa makini. Simu ikichomekwa, inachaji tu. Anayedhani waya umekufa huenda hajafungua arifa ya USB na kuchagua kuhamisha faili. Au ana waya wa bei nafuu usio na nyaya mbili za data, wenye zile mbili za umeme peke yake; huo utachaji usiku kucha bila kupitisha hata picha moja.