Sarafu Isiyopita Sokoni: Dhahabu ya Kenya ya Mwaka 1966

Sarafu uliyoizoea hufuliwa ili itumike hadi ichakae. (Kitenzi “kufua” hapa ni kile cha mfua dhahabu, si cha dobi.) Hutoka kwa kondakta, ikafungwa kwenye pindo la kanga, ikaishia sokoni. Ipo nyingine, ambayo wakusanyaji huiita pruufu, isiyokusudiwa kupita mikononi mwa watu. Chapa zake za chuma hung’arishwa, kipande cha madini nacho husuguliwa, kisha hugongwa polepole, aghalabu zaidi ya mara moja. Ndiyo maana uso wake humetameta kama kioo, na sura iliyochorwa juu yake huonekana kama imemwagiwa umande. Huuzwa kashani kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa juu yake, na alama ya kidole kimoja yatosha kuishusha bei hiyo.

Sasa tuvuke mpaka. Tarehe 14 Septemba 1966 Kenya ilianza kutoa fedha yake yenyewe, badala ya shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919. Mwananchi alipata senti na shilingi za matumizi ya kila siku. Mwaka huohuo zilitolewa pia sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha miaka 75 ya kuzaliwa kwa Mzee Jomo Kenyatta.

Hapo mwanafunzi wa historia na asite kidogo. Mwaka aliozaliwa Kenyatta haukuandikwa popote, na wanahistoria hadi leo wanaukadiria tu. Dhahabu ilitamka kwa uhakika jambo ambalo kumbukumbu hazikulijua! Kwa hiyo, ukiishika sarafu ya namna hii (kwa kingo zake, tafadhali), usiishie kuuliza uzito na bei. Uliza pia ni nani aliyeamua iseme inachosema, na ilikusudiwa kusomwa na nani. Kwa maoni yangu, aliyekusudiwa hakuwa mkulima wa Nyeri wala mvuvi wa Lamu, ingawa jina la taifa lililotumika lilikuwa lao pia.

Sura ya rais haikukaa katika dhahabu pekee. Sarafu za kawaida nazo zilikuwa na picha ya Kenyatta. Alipofariki mwaka 1978, baada ya muda mfupi ikaingia ya Daniel arap Moi. Mwaka 2003 ikatolewa sarafu ya shilingi 40, yenye sura ya Mwai Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Watoto walijifunza kumtambua mkuu wa nchi kwa sarafu ya kununulia maandazi, na wengi waliona hivyo ndivyo fedha inavyopaswa kuwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilikata mzizi huo. Ibara ya 231 inaruhusu noti na sarafu ziwe na picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini inakataza sura ya mtu yeyote. Utekelezaji ulichelewa miaka minane. Tarehe 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Aliyezizindua, zisizo na sura ya mzee wala ya kijana, ni Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa yule aliyechorwa kwenye dhahabu ya 1966.