Kanseri ya taya kwa watoto: kwa nini askari wa mwili wanashindwa?

Mtoto wa miaka sita anaamka na shavu limevimba. Mama anafikiri ni jino. Jirani anasema ni bulozi. Wiki mbili zikipita, meno yanalegea na jicho linaanza kusukumwa nje. Hiyo inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, kanseri ya watoto inayoonekana sana katika nchi za joto na mvua karibu na ikweta, zile zenye malaria mingi. Kisangani iko ndani ya eneo hilo.

Jina linatoka wapi?

Denis Burkitt alikuwa monganga wa upasuaji, mzaliwa wa Ireland, katika hopitali ya Mulago, Kampala. Aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1964, kwa vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege toka Kampala hadi London, Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani yake. Kinaitwa Epstein-Barr, kwa kifupi EBV.

Ndani ya mwili kunapita nini?

Karibu kila mtoto wa hapa kwetu anapata EBV akiwa mdogo, kwa njia ya mate. Kirusi kinajificha ndani ya seli B za damu. Wengi hawaugui, kwa sababu seli T, askari wa mwili, wanakilinda kisitoke.

Shida inakuja na malaria ya kurudia-rudia. Inachosha seli T, na inafanya seli B ziongezeke haraka. Katika haraka hiyo makosa yanatokea: mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kwenda kushikana na kromosomu ya 14. Pale pana jeni inayoitwa MYC, ile inayoamuru seli kujigawa. Ikishahamishwa, inabaki imewaka bila kuzimwa. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu.

Tena kanseri hii ina ujanja. Kirusi kilicho ndani yake kinaficha karibu alama zake zote, kinaacha hasa protini moja, EBNA1. Utafiti wa magharibi mwa Kenya, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huu hawakuwa na seli T za kuitambua EBNA1, wakati watoto wazima wengi walikuwa nazo. Ni kama adui anapita barabarani na askari hawajui sura yake.

AS inaingia wapi?

Watafiti walipima pia jeni za watoto wa Uganda, Tanzania na Kenya. Waliona kwamba wale wenye damu ya AS wanapata kanseri hii kidogo kuliko wenye AA. Sababu inajulikana: AS inapunguza ukali wa malaria. Kwa njia hiyo jeni imesaidia kuonyesha kwamba malaria ina mkono katika kanseri hii. Jambo hili linagusa Kisangani moja kwa moja, maana watoto wachanga waliopimwa hapa, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na AS.

Lakini AS si chanjo. Mtoto wa AS anaweza kuugua malaria, na anaweza kupata kanseri hii. Na baba na mama wote wakiwa AS, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa SS.

Mzazi afanye nini?

Kanseri hii inakimbia, lakini inasikia dawa. Tangu miaka ya 1960 siklofosfamidi imeponyesha watoto, hasa wanaofika mapema. Kwa hiyo:

- Shavu, taya au tumbo likivimba kwa siku chache, mpeleke mtoto hopitali. Kungʼoa jino au kukanda kwa majani kunapoteza siku.
- Omba kipande cha uvimbe kipimwe kwenye labo.
- Dawa zikianza, zimalizwe zote, hata kama uvimbe umeshuka.
- Mtoto alale chini ya mosikitere kila usiku, na malaria itibiwe haraka. Mjini Kisangani malaria haina msimu.

Uvimbe wa Ijumaa usingoje Jumatatu.